Namba Tatu ya Mama Zaituni

Mafubira, Jinja

Kaka yangu Wafula,

Pokea salamu za dada yako Nandudu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na matope ya huko Namakwekwe yamewaachia njia? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Naandika kwa Kiswahili cha kambini, alichotulea nacho marehemu Baba alipokuwa askari magereza, kwa sababu ni wachache tu hapa mtaani wanaoweza kukisoma.

Ulisema na nyinyi mnataka kujaribu ule upigaji kura unaopendekezwa kwa miji yetu, wa kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikia kwanza yaliyonipata.

Sisi tulipofanya majaribio tulitumia vyakula badala ya wagombea ili tuepuke siasa: matoke ya ndizi, wali na posho ya unga wa mahindi. Wapiga kura walikuwa kina mama wa sokoni ninaowafundisha kusoma na kuandika. Lakini mtaa ulishaamua kwamba matoke yanamwakilisha mgombea mmoja mwenye maduka hapa. Matoke yaliongoza bila kufika nusu. Posho ikatolewa kwa kuwa ya mwisho, karatasi zake zikaenda kwa chakula kilichoandikwa cha pili, na wali ukashinda. Kina mama walicheka. Vijana wawili wa yule mgombea hawakucheka.

Kesho yake wakanikuta darasani nikifuta ubao. Walikuwa na karatasi zetu zote. Nilikuwa nimeziacha kabatini bila kufuli.

"Mwalimu, hawa mama ni wewe ulifundisha kuandika," mmoja akasema kwa upole. "Hii tatu kwa matoke, ni ya nani?"

Kaka, niliijua palepale. Ilikuwa imegeuzwa kama herufi E. Ni ya Mama Zaituni, mjane anayeuza nyanya mbele ya duka la yule mgombea. Nimemshika mkono mara nyingi kuinyoosha tatu ile, imekataa.

"Sijui. Wanaoanza wote huandika hivyo."

"Mwalimu hajui mwandiko wa mwanafunzi wake?"

"Sijui, bwana."

Akaikunja, akaitia mfukoni. "Sawa. Tutauliza wengine."

Tangu hapo wanafunzi wanaokuja darasani ni wawili tu. Nilimfuata Mama Zaituni kibandani, nikamwambia sikumtaja.

"Najua, mwalimu," akasema, akipanga nyanya. "Lakini wewe unajua. Na mimi sasa naogopa kila anayejua."

Mpango wenyewe bado naupenda. Ninachoogopa ni kalamu. Alama ya vema haina mwenyewe. Namba ina mwenyewe. Kwa hiyo usiwaandikishe watu namba. Wachoree visanduku vitatu mbele ya kila jina, cha wa kwanza, cha wa pili na cha wa tatu, watie alama tu. Na mkishahesabu, karatasi zichomwe siku hiyohiyo, zisilale popote.

Alhamisi saa nne asubuhi kamati ya jiji inasikiliza maoni ya wakazi. Nimejiandikisha kusema hayo. Wale vijana watakuwepo. Nimeona heri mtu wa kwetu ajue siku na saa.

Nisalimie wifi yangu, na shangazi anayemuuguza Mama. Mama mwenyewe mwambie nafundisha, basi.

Ni mimi dada yako,
Nandudu