Ubao wa Flamingo

Chebet mjukuu wangu,

Huku Kiamunyi tu wazima, na mahindi yameota. Unauliza kwa nini watu hugombania picha za kuchapwa zenye namba. Hata mimi sielewi.

Kabla ya Uhuru nilimpigia pasi mama mmoja mzungu, mchoraji, hapa Nakuru. Alichonga flamingo kwenye ubao, akachapa picha ishirini, akaziandika namba. Moja akanipa, nikaibandika jikoni kwenye moshi. Kisha akanipa ule ubao.

"Uchome."

"Memsaab, unachinja ng'ombe anayekamuliwa?"

Akacheka. "Ili zisichapwe nyingine tena." Nikauchoma.

Jioni hiyo niliibandua picha yangu jikoni, nikaipangusa, nikaifungia sandukuni. Hakuna aliyenituma.

Nyanya yako