Mtungi wa Baba Mdogo

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo baridi? Sisi tu wazima. Mama amepungua kidogo kwa kukaa ndani, ila ulimi wake haujapungua hata chembe.

Huku mikusanyiko ni marufuku na maduka yanafungwa mapema. Hospitali imefurika mpaka wagonjwa wanalazwa kwenye mabenchi ya korido, na manesi wanapita kiubavuubavu.

Sasa nikupe habari za baba mdogo. Tangu korona ianze alikuwa anakaa kibarazani akiwacheka wapita njia, eti barakoa ni za waoga. Kumbe bwana mkubwa alishanunua mtungi wa oksijeni kimyakimya, akausimamisha kando ya kitanda chake na kuufunika shuka. Na hana hata mafua. Anakula sahani mbili.

Basi akaugua fundi cherehani, yule mpangaji wake wa chumba cha uani aliyekushonea sare za shule. Mimi na mkewe tulimfikisha hospitali. Nesi akatuambia nafasi ya benchi ipo, lakini oksijeni imekwisha. Tukipata mtungi popote tuulete upesi. Fundi alikuwa hawezi tena kutaja jina lake.

Nikamwacha na mkewe, nikakimbia kwa baba mdogo. Sikutaka anipe, nilitaka aniazime tu. Alinisikiliza akichokonoa meno, kisha akasema, "Nikiugua mimi kesho, nitavuta pumzi ya nani?" Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Mtu mzima na mvi zake, amejifungia na chuma!

Mama mdogo alikuwa jikoni, amesikia yote. Unamjua, miaka yote kwa mumewe ni ndiyo tu. Akafuta mikono, akagonga mlango, akamwambia chakula kiko mezani. Tumbo likamtoa. Alipokaa tu, mama mdogo akaingia chumbani, akauviringisha mtungi hadi nje, tukaupakia kwenye toroli la jirani. Baba mdogo akatokea mlangoni, shavu limejaa, akiuliza mtungi wake unapelekwa wapi.

Mkewe hakugeuka. "Kwa mgonjwa," alisema. "Wewe rudi ukale."

Fundi amepona, ashukuriwe Mungu. Bado anatembea kwa kushika ukuta, lakini jana nimesikia cherehani yake. Mama mdogo yuko hapa kwetu, analala na mama, wala hana haraka ya kurudi.

Na baba mdogo? Anazunguka mtaani, barakoa ikining'inia kidevuni, akipokea sifa kwamba ameokoa mtu. Fundi wa watu, asiyejua kilichotokea, alimshika mikono yote miwili akamshukuru huku analia. Yeye akajibu kwamba ni wajibu wake. Nilikuwa nimesimama palepale, hakuthubutu kunitazama.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikataka kwenda kuueleza mtaa mzima. Mama mdogo akacheka, mara ya kwanza tangu ahamie hapa. "Mwache na sifa zake," akasema. "Kile chumba hakina kingine cha kulala nacho."

Nisalimie shemeji na wanao. Mama na mama mdogo wanakusalimu sana. Mungu akulindie pumzi yako na ya wote walio nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.