Leso Niliyomvalia Madam

Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, na roho yangu imewaka kulishinda.

Nina wivu. Nimeshaandika, basi.

Mwanangu Rukia anachora vibonzo, na hapa Mji wa Kale hakuna anayemfikia, mnisamehe. Mheshimiwa akiahidi maji, Rukia humchora akioga kwa ndoo tupu. Tangu yuko darasa la tatu, akichora kwenye mifuko ya unga, wa kwanza kuona ni mimi. Huniletea mbio, wino haujakauka, anichunguze usoni kama nitacheka.

Sasa yuko Madam Odile, bibi wa Kifaransa aliyepanga ghorofa ya juu mtaa wa pili. Kwao alichora wakubwa magazetini maisha yake yote, akiwarefusha pua na kuwavimbisha vitambi. Waziri mmoja akamshtaki, gazeti likamfukuza, naye akamchora hakimu amesinzia. Rukia hunihadithia haya macho yakimng'aa. Mimi niliyeishia darasa la saba nitahadithia nini? Mahamri?

Juzi nimekiona kibonzo kipya cha Rukia kwenye simu ya jirani. Madam alishakiona. Jirani alishakiona. Mama mzazi, wa tatu.

Jana nikaenda Biashara Street, nikapekua maduka ya leso mpaka nikaipata yangu: KUPIKA NIPIKE MIMI, KUPAKUA UPAKUE WEWE? Leo nikajifunga, maandishi yasomeke vizuri nyuma, nikapanda ngazi za Madam na sahani ya mahamri. Huku kwetu ukimsema mtu kwa leso hujamtukana. Akikasirika, kajijua mwenyewe.

Kosa langu ni kusahau kuwa Madam hasomi Kiswahili. Nikageuka mbele yake mara tatu, akadhani namwonyesha nguo. Akaisifu rangi.

Kisha akamuuliza Rukia, niliyemkuta huko juu, imeandikwaje. Mtoto akainamisha kichwa, akasoma, akatafsiri yote.

Madam alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, Rukia akitafsiri: "Mimi kwa maneno kama haya nilipelekwa kortini. Wewe umeyavaa mchana kweupe, ukapita nayo njiani?"

"Mwambie na kwa fundi viatu nimepita," nikajibu.

Madam akamwambia Rukia kitu kingine. Rukia hakutaka kutafsiri. Nikamkazia macho.

"Anasema, mama, sasa amejua ukali wangu nimeutoa wapi."

Nilikaa kitini. Nikala mahamri yangu mwenyewe mawili.

Bado nina wivu, nisijisingizie wema. Bibi huyu ana maneno matamu na mwanangu anampenda, nimeona kwa macho yangu. Lakini alasiri nikiwa jikoni, Rukia kaja mbio na karatasi. Ni mimi, napanda ngazi, sahani nimeishika kama ngao, pua amenirefushia kuliko ya waziri. Nikasema sina pua hiyo. Nikacheka hadi machozi. Nilipomrudishia, kidole changu kilikuwa cheusi.

Wino ulikuwa haujakauka.

Leso huuzwa jozi, na Madam ameniomba kile kipande cha pili. Nimeshakipinda, kiko hapa mapajani. Kumpa nitampa. Ila nampa kwa kuwa nimemsamehe, au nataka kila akijifunga akumbuke nani alipika?