Baki la Mwisho la Namba ya Baba

Nje ya Thunder Bay,
Ontario,
12 Februari 2019.

Mpendwa Shangazi Kaarina,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje, na siku hizi unapata usingizi? Huku miili ni mizima. Nyumba ndiyo iliyokuwa ikiumwa.

Namba ya Baba unaijua, maana kila Krismasi anakuchosha nayo kwenye simu. Ni mbili iliyozidishwa kwa mbili mara mamilioni, kisha ikatolewa moja. Alitaka kujua kama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Njia yake hata mimi naielewa. Unaanza na nne, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawa kwa ile namba kubwa, unabaki na baki. Baki hilo nalo unalifanyia vilevile, mpaka kompyuta ichoke. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Hatua moja ikikosewa, zote zinazofuata ni takataka.

Sasa Baba, kwa akili zake, aliiweka kompyuta kwenye chumba cha kuni nyuma ya sauna, bafu letu la mvuke, eti ipate baridi. Akamwambia Mama asiwashe sauna mpaka hesabu iishe, maana kompyuta ikipata joto hukosea. Mama alivumilia miezi. Jumamosi moja dada zake walikuja, Baba akiwa mjini, Mama akaiwasha mpaka ukuta ukachemka. Wiki iliyofuata baki likatoka, na halikuwa sifuri.

“Umeniulia namba yangu, Aune,” Baba akasema.

“Tangu lini mwanamke wa Kifini anaomba ruhusa ya kuwasha sauna yake? Kaoe hiyo kompyuta basi, ikusugue mgongo.”

Tulicheka, kumbe hawatanii. Mama akahamia chumba changu cha zamani, akafunga sanduku. Aliniambia ikithibitika ni yeye aliyeharibu, anakwenda kwa dada yake Sudbury, hawezi kuzeeka akilaumiwa.

Watu wa namba hizi wana desturi: kila jibu hurudiwa na mtu mwingine, kwa mashine nyingine, tangu ile nne ya mwanzo. Yetu ilichukuliwa na mama mmoja wa Manitoba tusiyemjua. Mabaki yakilingana, Mama hana kosa, na namba ya Baba si tasa. Yakitofautiana, huenda ni tasa, na Mama anaondoka. Sikujua niombe lipi, Shangazi. Niliogopa sana.

Jibu limekuja leo asubuhi. Yamelingana, tarakimu kwa tarakimu.

Baba alisoma mara mbili, akatoka bila koti. Nikamfuata, nikidhani anakwenda kuivunja kompyuta. Nilimkuta ameitoa nje, anapanga kuni kwenye jiko la sauna. Mawe yalipopata moto alikwenda kusimama mlangoni kwa Mama.

“Si wewe, Aune. Ilikuwa inagawanyika tangu mwanzo.”

Mama akauliza, “Umechukua taulo?”

“Mbili.”

Wamo saunani ninapoandika. Sanduku bado liko mlangoni, lakini nimeona Mama ametoa humo slipa zake.

Msalimie Mjomba Tapio, na Liisa na wanawe. Mungu akulinde na barafu za ngazini.

Akupendaye siku zote, mtoto wa kaka yako,
Sirkka