Nilimsifu Lascelles Mbele ya Klabu Nzima

Mama Audrey mpendwa, mimi si mtu wa kuandikia gazeti kuomba ushauri, na mkono wangu umezoea sururu ya mgodini kuliko kalamu, lakini hapa Ashington, Uingereza, hakuna anayeniweza kwa liki, vile vitunguu virefu vya majani, zangu ni nene kama paja la mtoto, uliza yeyote, na mwaka huu nilipolazwa kuwekewa nyonga mpya ni Lascelles, Mjamaika mwenye kishamba jirani na changu, tuliyechimba naye makaa ya mawe, aliyezimwagilia na kuziokotea konokono, na zikashinda mashindano ya klabu yetu, basi nikasimama klabuni na bilauri yangu nikasema, "Lascelles, wewe ni mzungu kweli," maana ndivyo baba zetu walivyomsifu mtu mwema, sina sifa kubwa kuliko hiyo, naye akaweka bia yake chini akaniambia polepole, "Liki zako nimezimwagilia nikiwa mweusi, Ridley," akatoka, na tangu hapo haitikii salamu yangu, mjukuu wangu ananiambia niombe radhi, nami nasema radhi ya nini, sikutukana, nilisifu, ila mama, chai ya shambani bado naimimina vikombe viwili kwa mazoea, na juzi upepo ulivuma sana, asubuhi nikakuta Lascelles kanifungia mlango wa banda langu la vioo, bila neno. Niambie tu kwamba sina kosa.

Ridley Charlton

Mzee Ridley,

Pole kwa nyonga. Kosa unalo, na ukaidi wako unalinenepesha kuliko liki. Najua hukukusudia ubaya; hata baba yangu alikuwa na msemo huo, nikiuona mtamu. Lakini usikilize kwa masikio yake. Mtu kakuchutamia kwenye matope yako, nawe kumshukuru ukampa sifa ya watu wengine, kana kwamba wema wake kauazima kwetu sisi weupe. Baba zetu tumewazika, mzee. Huo msemo nao tuuzike.

Sasa fanya hivi. Usipeleke kadi, wala usimtume mjukuu. Chukua miche ya liki zako, ile mbegu ambayo hujampa mtu yeyote, maana nawajua nyinyi wakulima wa liki. Nenda kwake mwenyewe. Usianze habari za baba yako. Sema, "Lascelles, nilikosea. Wema ule ulikuwa wako." Kisha nyamaza, ingawa kwako kunyamaza ni kazi kuliko mgodi.

Mtu aliyekukasirikia, na bado akakufungia mlango usivunjwe na upepo, anakungoja. Beba na vile vikombe viwili.