Kijiko Kisirudi Bakulini

Bibi yangu, mke mwenzangu uliyelala kaburini Kwamsisi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na woga, na wewe sikuonei aibu kukwambia. Mama, binti yako, alipigwa na kiharusi shambani wakati wa palizi. Upande wa kulia umelala na hawezi kusema. Niko naye hapa kwangu Kwamndolwa, namlisha mwenyewe. Muuguzi alinionya: "Mpe uji mzito tu, dada. Ukiwa mwepesi utamwingia kwenye mapafu, na hapo tutampoteza."

Uji naupika mzito, wallahi, mwiko unasimama. Lakini tukifika nusu bakuli umeshakuwa majimaji. Siku moja ukampalia. Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, nami nalia tu, "Mama, Mama jamani!" Jirani akaja mbio akidhani nimeshafiwa. Nikalaumu unga, nikahama mashine ya kusaga. Wapi! Hali ile ile.

Kilichonitisha zaidi ni pale Mama alipoanza kukataa. Kijiko cha kwanza anapokea. Nikichota cha pili anafumba mdomo na kunikazia macho. Nikajua amechoka kuishi. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, nikalia pale kwenye kamba.

Ndipo nilipokukumbuka wewe na chungu chako. Sheria yako ilikuwa moja: upawa ukigusa mdomo haurudi chunguni. Unakumbuka siku watu walipokuja kutusaidia kulima, tukafunua chungu tukakuta uji wao umelegea? Ukatupanga wajukuu wote mstari. "Nani kalamba upawa?" Kila mmoja akaapa. Babu kwenye kigoda chake akawa anatazama paa, na ndevu zina uji. Ukanigeukia mimi: "Mke mwenzangu, mumeo huyu atatuaibisha kwa wageni."

Nilipoingia sekondari nikakuletea sababu. Nikakwambia mate yana kitu kinachokatakata wanga wa chakula na kuugeuza sukari. Hukuniamini, basi nikakuonyesha kwa vikombe vya uji na mate ya Babu, aliyoyatoa kwa fahari kabisa. Kikombe kimoja nikakiweka karibu na majivu ya moto, uji ukalegea upesi. Kingine nikakisimamisha kwenye maji baridi ya mtungi, ukasuasua. Cha mwisho nikakitilia mate niliyoyachemsha kwanza, nao uji ukabaki mzito vilevile. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Kumbe mate ya mume wetu ukiyapika yanakufa!"

Yanakufa, Bibi. Lakini yakiwa kwenye uji vuguvugu yanafanya kazi haswa, na mimi nilikuwa nakitoa kijiko kinywani mwa Mama na kukirudisha papo hapo bakulini, tena bakuli nimelifunika lisipoe! Nililiacha gauni limening'inia kwenye kamba nikakimbilia ndani.

Nikapika upya. Uji wote nikauacha kwenye sufuria, nikamtilia kidogo kwenye kibakuli. Nikakusanya vijiko vyote vya nyumba hii nikavisafisha. Nikampa cha kwanza, nikakiweka pembeni, nikachukua kingine kisafi. Mama akakitazama kile kijiko, akanitazama mimi, akafungua mdomo.

Hakuwa amechoka kuishi, Bibi. Alikuwa ananikataza. Kakulia kwenye chungu chako, na ulimi ulipomgomea akatumia macho, mimi nikasoma vingine kabisa.

Uji siku hizi unabaki mzito mpaka mwisho. Ungedhani nimetulia, lakini sijatulia hata kidogo. Kila funda la uji likishuka naangalia koo lake, na akimeza ndipo na mimi nameza. Akikohoa kidogo tu namwinua upesi akae wima. Nikienda kisimani naharakisha kurudi, na nikifika mlangoni nasimama kwanza kusikiliza kama anapumua.

Najua unamkumbuka binti yako, na Babu naye bila shaka anaulizia. Lakini nakuomba, mke mwenzangu, usimwite kwanza. Uji wake uko jikoni, na bado hajashiba.

Ni mimi, mke mwenzio mwoga,
wa Kwamndolwa