Sikumrusha Mjomba

Kitengela, Jumanne

Kwako Yeyo, mama yangu, Oltepesi.

Takwenya, Yeyo. Najua hata ukiwa umenikasirikia umeitikia kwa sauti ndogo, na mimi nimeisikia kutoka huku. Mgongo unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mvua imewafikia, ama imeishia Kona Baridi kama mwaka jana? Na Nashipai wangu anakula? Akikataa uji, umwambie mama amesema amalize. Atamaliza, ananijua. Mimi niko mzima, ni kuchoka tu. Asubuhi mapema naenda kukanda chapati pale hotelini, mchana mazoezi, jioni nafua nguo za watu. Nikilala, kitanda kimekuwa kikubwa sana bila mtoto.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga unampatia mtu mwingine. Juzi ulimpatia mama mchungaji, akaniombea dakika kumi. Yeyo, sikutaka maombi, nilitaka mtoto wangu. Ulisema utakaa naye mpaka kikohozi kiishe, na kikohozi kimeisha. Mwalimu wa nasari amemwekea nafasi na ananiuliza kila siku kama atakuja. Sasa nasikia ati Nashipai harudi Kitengela mpaka nije na kondoo, niombe msamaha mbele ya watu, kwa sababu nilimrusha ndugu yako nje ya ulingo kama gunia la makaa.

Barua hii utaletewa na Mama Sein wa shanga. Naomba isomwe na Semeyian, mke wa ndugu yangu, kwa sauti, na mjomba Parsaloi akiwa amekaa hapo mbele. Kama hayuko, mwiteni. Semeyian, usisome zaidi ya hapa kabla hajafika.

Haya. Mjomba alikuja kuniona na kibuyu cha maziwa uliyonitumia, asante. Nikamwambia, mjomba, leo tuko na mieleka pale uwanjani, njoo uone kazi yangu. Nilimweleza vizuri kwamba hatuumizani kwa chuki, kwamba tunafundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha, na mshindi anajulikana mapema kama vile bwana harusi anajulikana. Akaelewa. Nilimwekea kiti mbele kabisa. Wakaingia wawili, mmoja akaanguka, mjomba akapiga makofi. Wakaingia wengine wawili, akapiga tena. Alikuwa anamwambia mtu wa kiti cha pili ati wao wakiwa vijana walikuwa wanaanguka vizuri kuliko hivyo.

Kosa langu ni moja na nalikubali. Sikumwambia juu ya ile ya mwisho.

Ile ya mwisho tunaiita vita ya wote. Tunaingia watu kumi na watano mara moja. Ukitupwa juu ya kamba ya juu kabisa, na miguu yako ikagusa chini, umetoka. Anayebaki peke yake ndiye ameshinda. Siku hiyo ilikuwa imepangwa nibaki mimi, mwanamke wa kwanza hapa kwetu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hiyo siku nikiwa na mtoto anakohoa mgongoni, Yeyo, wewe unajua.

Lakini kengele ilipolia mpango ulienda na upepo. Kila mtu alisahau zamu yake. Mmoja barakoa yake ilizunguka ikaangalia nyuma, akawa anapiga nguzo akidhani ni mtu. Refa alipoteza kiatu. Kuna mwenye alinivuta rasta kweli kweli, na hiyo haikupangwa, nikampa ngumi ambayo pia haikupangwa. Na mjomba kwenye kiti chake, kwa macho ya mtu aliyezoea watu wawili wawili, akaona kwamba mchezo umevunjika na sasa ni vita. Na mtoto wa dada yake ako katikati.

Akafanya kile baba yenu angefanya. Aliweka fimbo yake chini kwa heshima, akang'oa nyasi kando ya uwanja, akapanda ulingoni akiwa ameinua hizo nyasi juu ili watu waache kupigana.

Yeyo, mimi mikono yangu ilishuka yenyewe. Kati yetu kuna vijana wawili wa Mashuuru, Wamaasai kama sisi, nao wakasimama wima, wakaangalia chini kama watoto. Unajua ni nini tulipata? Wengine wakaona nafasi, wakawabeba hao vijana wakawatupa nje wakiwa wamesimama hivyo hivyo. Na mtangazaji, na kipaza sauti chake, anapiga kelele: "Namba kumi na sita ndio huyu! Mzee ameleta chakula ya mbuzi!" Watu wakacheka. Hiyo kicheko mpaka leo iko kwa masikio yangu. Mtu anakuletea amani mkononi, wewe unaona chakula ya mbuzi.

Mjomba hakucheka na hakurudi nyuma. Alisimama pale kwa kona na nyasi zake akisema, "Inatosha, watoto wangu, inatosha." Sasa kuna mmoja wetu tunamwita Lori, na anafanana na jina. Wenzake watatu walikuwa wanamsukuma kinyumenyume, haoni anakoenda, na anakoenda ni kwa ile kona. Chini ya kamba kulikuwa kumejaa watu, hapakuwa na pa kupita. Nikamshika mjomba kwapani, nikampitisha juu ya kamba, nikateremka naye. Sikumwachilia hata kidogo. Miguu yangu ndiyo iligusa chini kwanza, ndio nikamweka yeye kwa miguu yake polepole, kama unavyoweka mtungi. Lori akaanguka pale pale mjomba alikuwa amesimama, na mbao ya ulingo ikapasuka. Nendeni mkawaulize hao vijana wa Mashuuru.

Miguu yangu ikiwa imegusa chini, nilikuwa nimetoka. Siku yangu iliishia hapo.

Mjomba akaniangalia. "Wewe mtoto, umenibeba kama mwana-kondoo mgonjwa?"

"Ndiyo, mjomba. Nyamaza."

"Wameacha kupigana?"

"Hawajaacha."

"Basi nirudi."

"Hurudi popote, mjomba. Keti!"

Nikamrudishia fimbo, nikamnunulia soda, tukakaa nyuma ya hema. Alinipangusa damu ya mdomo na shuka yake. Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, "Usimwambie mama yako nilibebwa." Nikaahidi. Niliona ni kitu kidogo.

Kumbe kuna mwenye alichukua video. Anayepanga mieleka yetu, tunamwita Bosi, akaikata, akabakisha pale tu mjomba ako hewani juu ya kamba na mikono yangu iko kwake. Akaandika juu: Mama Radi amtupa mzee. Mama Radi ndio mimi, ndilo jina langu la ulingoni. Nilienda kwake siku iliyofuata bado niko na unga wa chapati mkononi.

"Toa hiyo kitu. Huyo ni mjomba wangu."

"Madam, ndiyo maana watu wanaipenda."

"Weka basi mpaka mwisho, waone nikimweka chini."

"Mwisho hauna utamu."

Nikamwambia atafute Radi mwingine. Si mieleka nimeacha, Yeyo, usifurahi haraka. Nimeacha yeye. Hao vijana wa Mashuuru nao wametoka, tunafanya mazoezi yetu wenyewe.

Lakini Bosi ni mtu wa nje. Aliyeniumiza ni wa nyumbani. Wiki mbili nimenyamaza kwa sababu niliahidi, na hizo wiki mbili Mama Sein ananiambia mjomba anaulizwa pale kwa chai, "Ni kweli msichana alikutupa?" Na yeye anakohoa, anakunywa chai! Sasa ninaelewa. Kutupwa na mpiganaji katikati ya watu kumi na watano ni habari ya mwanaume. Kubebwa ni aibu. Kwa hiyo bora mimi niitwe mtu asiye na adabu, na mtoto wangu akose shule, kuliko yeye aseme alibebwa?

Mjomba, nakupenda. Kati ya watu wote uwanjani ni wewe peke yako uliingia pale kwa ajili yangu, na hilo sitalisahau. Lakini nakuuliza mbele ya dada yako: ni miguu ya nani iligusa chini kwanza?

Semeyian, nyamaza hapo. Usiendelee mpaka ajibu.

Yeyo, kama amejibu vizuri, fungasha nguo za Nashipai. Kama amekohoa, fungasha pia, kwa sababu Jumamosi asubuhi niko hapo mlangoni na mtoto anaondoka na mimi. Kondoo sileti. Nitaleta sukari na majani, na dawa yako ya kuchua mgongo.

Nisalimie Baba kwa heshima. Nisalimie ndugu yangu Saitoti, aache kuonyesha watu hiyo video. Nisalimie Nyanya, umpigie kelele kidogo sikio la kulia. Mama mchungaji umwambie asante kwa maombi. Nashipai umbusu kwenye lile kovu la goti.

Na wewe mjomba, ile akala yako ya mguu wa kushoto ilibaki ulingoni, nikarudi kuichukua ukiwa umeshaondoka. Iko hapa chini ya kitanda, nimeifuta. Nitakuja nayo. Nitainamisha kichwa uniwekee mkono kama siku zote, halafu nitakuvalisha mwenyewe. Lakini msamaha siombi.

Ni mimi binti yako, Yeyo, ninayekupenda hata ukininyima simu,

Nasieku, mama Nashipai